Hayet na Picha ya Maoni ya Bir Rihan

Hayet Gharsalli alisomea takwimu huko Tunis, akarudi kwetu Bir Rihan na shahada ndani ya fremu, kisha kwa miaka kadhaa akauza vifuniko vya simu dukani kwa kaka yake. Hakuwa mtu wa kunung'unika. Mteja akiingia, Hayet alimtazama viatu, akamtazama mkoba, akamtajia rangi atakayoichagua kabla hajafungua mdomo, na mara nyingi alipatia. Mama yake, Munjia, alisema huo ni uchawi. Kaka yake alisema huo ni umbea uliosomewa. Hayet alisema ni takwimu, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Basi jumuiya moja ya Tunis ikaja kufungua ofisi mjini kwetu, chumba kimoja juu ya kinyozi, ikitafuta mtu wa kukusanya maoni ya wananchi. Hayet akapata kazi, na mama yake akaenda kutangaza kwa mwokaji, kwa muuza viungo na hamamuni kwamba binti yake sasa anafanya kazi serikalini. Hayet akasema, "Mama, si serikalini." Munjia akajibu, "Ofisi ina ngazi, ina meza, ina mlango wa kufunga. Serikali ni nini zaidi ya hapo?"

Jambo lililotakiwa maoni lilikuwa kituo cha zamani cha reli. Garimoshi liliacha kuja siku nyingi. Limebaki jengo lenye saa isiyokwenda, na mbele yake uwanja mpana ambako magari ya abiria ya kwenda Tunis hungojea kujaa. Baraza la mji lilitaka kupafanyia kitu pale, na kila mtu alikuwa na chake. Huyu anataka bustani, yule soko, mwingine anataka garimoshi lirudi, na mwingine anataka tu kile alichokitaka jirani yake kisifanyike.

Mkurugenzi wa jumuiya aliitwa Si Nejib (Si kwetu ni Bwana), mtu wa Tunis, mpole wa sauti, mwenye kupenda maneno marefu. Alimwagiza Hayet mambo mawili. La kwanza, awapitie watu na kishikwambi, awasomee kauli fupi fupi, kama "Uwanja upandwe miti" au "Magari yaegeshe bure," nao wajibu nakubali, nakataa, au sijui. Kompyuta ingewapanga waliojibu kwa kufanana katika makundi, na kuwachora. La pili, kila Ijumaa abandike picha hiyo mahali pa wazi, pamoja na tafakari ya wiki kueleza amejifunza nini katika kuyapanga na kuyachora maoni ya watu.

Hayet hakubandika kwenye ubao wa baraza, maana ubao ule husomwa na nzi tu. Alibandika kwenye ukuta wa nje wa mkahawa wa Khamais, karibu na uwanja, ambako hata tangazo la sabuni husomwa mara mbili na kujadiliwa.

Tafakari yake ya kwanza ilianza hivi: "Wiki hii nimejifunza kwamba ukimpa mtu wa Bir Rihan majibu matatu achague moja, atakupa la nne. Nimejifunza pia kwamba neno 'sijui' lina miiba. Watu wengi waliokuwa hawajui walinihutubia kwanza, kisha wakaniuliza mimi nadhani wao wanafikiri nini."

Si Nejib akapiga simu. "Hayet, binti yangu, tafakari nimeisoma. Ni nzuri. Lakini ni nyepesi kidogo. Ungeingiza neno moja mawili ya kitaalamu."

"Watu hawatayaelewa, Si Nejib."

"Ndiyo uzuri wake. Mtu akielewa kila kitu, anadhani hatukufanya kazi."

Lakini watu walikuwa wameshaielewa, na walikuwa wamejaa mbele ya ukuta kama siku ya matokeo ya mtihani. Katika picha ile kila mtu aliyehojiwa alikuwa nukta moja. Majina hayakuandikwa. Kila mmoja alikuwa amepewa kikaratasi chenye namba yake, aitafute nukta yake mwenyewe. Waliojibu kwa kufanana walikaa karibu, waliotofautiana walikaa mbali. Yalitokea makundi matatu, Hayet akayapaka rangi. Kijani, upande wa kushoto, ni waliotaka miti na viti vya kupumzikia. Buluu, kulia, ni waliotaka soko na maegesho. Rangi ya chungwa, juu, ni waliotaka kila kitu kibaki kama kilivyo ila garimoshi lirudi.

Hayet alidhani watu wataitazama, watasema "ahaa," kisha watakwenda zao. Hakujua kwamba ukimpa mtu rangi, umempa ukoo.

Siku chache tu zilipita, Khamais akazipanga upya meza zake. Kijani wakae kushoto dirishani, buluu kulia karibu na mlango, chungwa juu, yaani kwenye ngazi tatu za kwenda sehemu ya nyuma. "Nimefuata picha," alisema, akipangusa meza kwa fahari. "Sasa hapa hakuna kelele. Kila mtu anakaa na anayemkubalia."

Kweli kelele ziliisha, na ndilo lililomtia Khamais hasara, maana watu wanaokubaliana humaliza kahawa haraka na kuondoka. Hakuna mtu aliyewahi kuagiza kikombe cha pili ili aambiwe, "Umesema kweli."

Mtu aliyeifurahia picha ile kuliko wote ni Si Tawfiq, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mtu wa chama cha wafanyakazi tangu ana nywele. Nukta yake ilikuwa ya kijani, na katika kijani ndiyo iliyokaa kushoto kabisa, peke yake, inakaribia kutoka kwenye karatasi. Kila asubuhi alipita akaigusa kwa ncha ya fimbo. "Mnaona? Maisha yangu yote mimi ni mtu wa mrengo wa kushoto. Nimelala ndani kwa ajili ya kushoto. Leo sayansi yenyewe imenishuhudia."

Hayet alimwambia kwamba kushoto kwa picha si kushoto kwa siasa, ni upande tu wa karatasi. Si Tawfiq akamtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeshika ramani juu chini.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yameanza kuchemka. Munjia aliiona nukta yake katika kijani, na pembeni yake, imebanana nayo kama punje mbili za komamanga, palikuwa na nukta nyingine.

"Huyu ni nani?" akamuuliza bintiye.

"Sijui, Mama. Majina hatuandiki."

"Huyu mtu anafikiri kama mimi kila kitu. Miti anataka, viti anataka, soko hataki, kelele za magari hataki. Mwanangu, mimi nimekaa na baba yako, Mungu amrehemu, umri wote ule, hatukuwahi kukubaliana hata chumvi ya supu. Huyu lazima nimjue. Huyu ni mtu wa kunywa naye kahawa."

Basi akawa kila siku anapita ukutani na kikaratasi chake mkononi, akijidai anatazama bei ya samaki kwenye duka la jirani, kumbe anamvizia pacha wake. Siku ya nne akamkuta mwanamke amesimama pale, mgongo umemwelekea, kidole kiko juu ya nukta ile ile. Munjia akajiweka sawa shungi, akatabasamu, akasema kwa sauti tamu, "Dada yangu, karibu. Nadhani mimi na wewe tunatafutana."

Yule mwanamke akageuka. Alikuwa Lalla Beya.

Inafaa niseme Lalla Beya, yaani Bibi Beya, ni nani. Ni jirani yake Munjia, ukuta mmoja wanautumia wote wawili. Na katika harusi ya mpwa wake Munjia, mbele ya wageni wa upande wa pili, Lalla Beya alionja kuskusi, akaweka kijiko chini na kusema, "Ina madonge." Tangu hapo hawakusalimiana. Wakikutana hamamuni, mmoja alihamia kwenye chumba cha mvuke.

"Ni wewe?" alisema Munjia.

"Na wewe ndiye unayenigandama?" alisema Beya. "Nilikuwa najiuliza ni nani huyu hana akili zake mwenyewe, anafuata zangu."

"Nikufuate wewe? Mimi nilihojiwa Jumatatu! Wewe ulihojiwa lini?"

"Jumanne."

"Basi nani kamfuata mwenzake?"

Khamais alitoka na sinia, akasimama, na wateja wote wa rangi zote wakatoka nyuma yake. Mkahawa haukuwa umechangamka hivyo tangu meza zihamishwe.

Jioni ile Munjia alimwendea bintiye jikoni. "Nihamishe."

"Sikuhamishi, Mama. Mimi siwapangi watu. Majibu yako ndiyo yanayokupanga."

"Basi nabadili majibu."

Hilo liliruhusiwa. Kila mtu ana haki ya kubadili maoni yake, na Hayet mwenyewe alikuwa ameliandika katika tafakari ya pili kwa herufi nene. Kwa hiyo akawasha kishikwambi, akamsomea mama yake kauli moja moja kati ya vitunguu na pilipili ya harisa. Miti? Nakataa. Viti? Nakataa, watu watakuja kulala. Soko? Nakubali! Magari yaegeshe bure? Nakubali, hata yakitaka yaingie sebuleni. Kesho yake asubuhi Lalla Beya naye akapanda ngazi za ofisi, amefunga uso, akasema ametafakari upya juu ya mustakabali wa mji.

Ijumaa ikafika. Hayet akaingiza majibu mapya yote, kompyuta ikachora, akachapisha, na kwa kuwa alichelewa hakutazama vizuri. Akabandika, akarudi ofisini kula.

Hajamaliza sahani, akasikia vishindo kwenye ngazi. Mlango ukafunguliwa kwa fimbo. Si Tawfiq aliingia mbele, nyuma yake Khamais, nyuma yao watu wa rangi zote wamebanana mpaka chini kwa kinyozi, na mteja mmoja mwenye povu nusu ya uso naye amepanda ili asipitwe.

"Nani kanihamisha?" alinguruma Si Tawfiq.

"Kukuhamisha wapi, Si Tawfiq?"

"Kulia! Kulia kabisa! Polisi wa zamani hawakuweza, vyeo walivyonipa nikakataa havikuweza, leo kijikompyuta chako kimenipeleka kulia kati ya Alhamisi na Ijumaa!"

"Na mimi meza zangu!" alisema Khamais. "Nimehamisha meza, nimehamisha viti, mgongo umekufa. Sasa kijani wako kulia, buluu kushoto. Nizirudishe? Na wiki ijayo je? Mtawaweka juu ya dari?"

Hayet akaichukua nakala ya picha, akaitazama. Picha ilikuwa imegeuka. Kijani yote iliyokuwa kushoto sasa iko kulia, na buluu yote iko kushoto. Hili hutokea. Kompyuta hujua nani yuko karibu na nani, lakini upande upi uitwe kushoto haijui wala haijali, na majibu yakibadilika kidogo huweza kuipindua picha nzima kama mtu anayejigeuza usingizini. Hayet alifundishwa hivyo mwaka wa pili chuoni. Hakufundishwa namna ya kumweleza Si Tawfiq.

"Sikilizeni," alisema. "Ni kama shuka lenye maua. Ukiligeuza, maua ni yale yale, majirani ni wale wale. Hakuna aliyehama."

"Shuka lina mbele na nyuma," alisema mtu wa rangi ya chungwa. "Mke wangu atakwambia."

Alipoona maneno hayamfai, Hayet alishuka ngazi akiwapenya, akaingia kwa kinyozi, akainyanyua picha mbele ya kioo kikubwa. "Haya, Si Tawfiq. Tazama kiooni."

Si Tawfiq akavaa miwani. Akatazama. Ndani ya kioo nukta yake ilikuwa imekaa pale pale pa zamani, kushoto kabisa, peke yake, inakaribia kutoka nje ya dunia. Akavuta pumzi. "Hapo sawa," alisema kwa upole. "Basi kibandikwe kioo."

Katikati ya vicheko ikasikika sauti ya Munjia toka mlangoni. "Na mimi je? Mbona bado ninaye?"

Watu wakasogea kutazama. Ilikuwa kweli. Nukta ya Munjia ilikuwa imetoka kwenye kijani ikahamia kwenye buluu, na ya Lalla Beya ilikuwa imehamia pamoja nayo, bado zimebanana. Kila mmoja alikuwa amegeuza majibu yake ili amkimbie mwenzake, na kwa kuwa waligeuza yale yale, wakafika pamoja.

"Mwanamke huyu ni kupe!" alisema Beya, aliyekuwa amesimama ngazini.

"Kupe ni nani? Mimi nilibadili usiku! Wewe ulibadili kesho yake asubuhi!"

Si Tawfiq akagonga fimbo sakafuni. "Nyamazeni! Ndiyo maana mji huu hauendelei. Tazameni picha hii. Hakuna jambo hata moja tuliloafikiana. Hata moja!"

Hayet alifungua mdomo kumkubalia, maana picha ndivyo ilivyoonyesha, wiki baada ya wiki. Kisha akaufunga. Akabaki amesimama na picha mkononi, anaitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali.

Picha ile ilichora watu walipotofautiana. Hiyo ndiyo kazi yake. Kauli ambayo wote wameijibu sawa haimtenganishi mtu na mtu, kwa hiyo haisogezi nukta hata unywele. Kama kulikuwa na jambo ambalo mji mzima umelikubali, picha isingeweza kulionyesha kamwe, na yeye wiki zote hizi alikuwa akitazama nukta tu.

Akawaacha pale wakigombana kiooni, akapanda juu, akafungua majibu yenyewe, akaanza kusoma kauli moja baada ya nyingine. Miti, wamegawanyika. Soko, wamegawanyika vibaya. Garimoshi, usiseme. Kisha akafika kwenye kauli ambayo Khamais mwenyewe alikuwa ameomba iongezwe, kwa sababu abiria wa Tunis wakishuka garini hukimbilia mkahawani kwake, hawanunui hata maji, wanauliza tu mlango uko wapi. Kauli ilisema: "Uwanjani pajengwe choo cha watu wote."

Kijani, nakubali. Buluu, nakubali. Chungwa, nakubali, garimoshi lije lisije. Si Tawfiq, aliyekataa karibu kila kitu mpaka ajue nani anauliza, hili alilikubali. Na wale wenye nukta mbili zilizobanana, walipokuwa wakigeuza majibu yao kwa ukaidi, jibu hili moja hawakuligusa.

Hayet alicheka peke yake mpaka kinyozi akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Tafakari aliyoibandika ilikuwa fupi kuliko zote. "Nimejifunza kwamba picha niliyowapa inaonyesha magomvi tu, maana ndiyo yenye rangi. Mnayokubaliana hayachoreki. Nimeyatafuta kwa mkono, nimepata moja. Mji mzima unataka choo. Nawaomba radhi kwa kuchelewa kuwaambia, na najua wengine wenu mmesubiri kwa taabu."

Si Nejib hakungoja hata saa. "Hayet. Choo?"

"Choo, Si Nejib."

"Mwezi ujao nina wageni kutoka nje. Wanakuja kuona sauti ya wananchi. Niwapeleke wakaone choo?"

"Ndicho wananchi walichokisema."

"Hatuwezi kukiita jina jingine? Kituo cha... cha ustawi wa wapitaji?"

"Wakisoma hivyo kwa Khamais watadhani tumewaibia choo chao."

Si Nejib alikohoa. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Hayet hakuwahi kuisikia kwake, akauliza, "Kikijengwa, kitakuwa upande gani wa uwanja? Nikija huko huwa nateseka sana."

Meya wetu alilipokea jambo hilo kama zawadi ya Idi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumletea kitu cha kujenga kisichomtafutia maadui. Jengo likainuka upesi, jeupe, milango ya buluu. Mara wakatokea watu kuuliza kwa nini buluu na si kijani, lakini meya alikuwa mjanja, akawaambia mafundi wapake kijani ndani. Juu ya kituo chenyewe hatujaafikiana mpaka leo. Khamais alizichanganya tena meza zake, makelele yakarudi, vikombe vya pili navyo vikarudi.

Munjia na Lalla Beya hawakupatana, msije mkadhani. Ila kutosalimiana kulikufa, kwa sababu ugomvi wao mpya, nani alimfuata nani, ni ugomvi wa kuzungumza. Asubuhi utawasikia juu ya ukuta, kila mmoja anaanika nguo zake, anamwuliza mwenzake Jumatatu ilitangulia Jumanne tangu lini. Hayet alishuhudia siku moja ugomvi ule ukikatika ili wote wawili wamlaani muuza nyanya, kwa maneno yale yale, kisha ukaendelea pale ulipoishia.

Siku ya kufungua choo, meya alivaa tai, Si Nejib alikuja na wageni wake, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi na vigelegele. Kisha hakuna aliyesogea. Mlango uko wazi, maji yapo, sabuni ipo, na mji mzima umesimama duara unatazama. Nani aingie wa kwanza mbele ya umati ule? Meya akamtazama Si Nejib. Si Nejib, ambaye alihitaji kweli kweli, akatazama juu angani. Hayet aliona aibu zote za Bir Rihan zimekusanyika katika kundi moja, wala hakuna kompyuta iliyohitajika.

Wakati huo gari la abiria likaingia uwanjani. Halijasimama vizuri, akashuka mama mmoja mnene, mgeni, ana kikapu kichwani na jogoo kwapani, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza maoni yake juu ya lolote. Akaupasua umati, akampachika meya yule jogoo mikononi, akasema, "Nishikie, baba," akaingia, akafunga mlango.